Usikanyage tuta

Asubuhi hii mwanangu kasimama ukingoni mwa tuta, mguu mmoja juu, akauliza: "Nikikanyaga, udongo utaumia?" Nikamjibu upesi kwamba utashindiliwa, hewa itatoka, mizizi itakosa pa kupita. Kisha nikajifanya nina kazi ndani.

Tuta hilihili nililikanyaga mwenyewe. Tena kwa hasira.

Msimu ule wa kwanza jembe lilikuwa likidunda. Nilichimba shimo, nikalijaza maji jioni. Kulipokucha yalikuwa bado yamo. Mfinyanzi mtupu. Nikapigilia mbao za tuta la kuinua: upana mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande, kimo sentimita 30. Mpaka hapo sikukosea. Ila tuta la kimo hicho linameza, na mboji niliyokuwa nayo ilikuwa ndoo mbili. Nikapata viroba vya maranda, bure. Kitu kilichotoka kwenye mti kitakosaje kuwa mboji? Nikachanganya, nikapanda nyanya.

Wiki ya tatu majani ya chini yakaanza kuwa manjano. Nikaongeza maji. Manjano yakapanda juu.

Mama alipokuja hakusema kitu. Alipiga magoti, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa na kuufungua polepole mbele ya uso wangu. Maranda yalikuwa meupe vilevile, yananukia randa. Akayapuliza kidogo, yakaruka.

"Hili ni tuta au karakana?"

Akanieleza kwamba vijidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji naitrojeni, na kwenye mbao ni haba mno, kwa hiyo vinaikomba ya udongoni. "Wao ndio wanakula kwanza. Miche yako inasubiri makombo."

Ndipo nikaingia tutani na viatu, nikang'oa mche mmoja mmoja, nikikanyaga huku na huko kama mtoto aliyenyimwa. Mama akaitazama miguu yangu tu. "Haya, na pumzi umeinyima."

Baadaye niliweka samadi iliyooza, matandazo ya majani makavu, na subira nisiyokuwa nayo. Nyungunyungu walikuja msimu uliofuata. Kama ni samadi iliyowaleta au ni maranda yaliyochoka kuwa maranda, sijui.

Mtoto kanifuata mlangoni. Anataka kujua kama mimi niliwahi kukanyaga.

Nimemwambia akamwulize bibi yake.