Kitufe chenye onclick="clear()" na kwa nini hakifuti

Kijana ninayemfundisha kuunda kurasa za wavuti alinionyesha kitufe hiki:

<button onclick="clear()">Futa</button>

Funksheni yake ya clear imeandikwa vizuri. Ukibofya, kimya. Hata kosa halionekani kwenye konsoli, yaani sehemu ya kivinjari inayoonyesha makosa ya JavaScript, na hilo ndilo linalomkatisha tamaa anayeanza.

Maandishi yaliyo ndani ya onclick, sifa ya HTML inayoeleza kitufe kifanye nini kikibofywa, hayaendi moja kwa moja kwenye funksheni yako. Kivinjari huyafanya kuwa mwili wa funksheni mpya, ambayo hupokea event (taarifa za tukio la kubofya), na this ndani yake ni kitufe chenyewe. Ndiyo maana onclick="onyesha(this)" hufanya kazi, ilhali onclick="onyesha", bila mabano, haifanyi lolote: jina limetajwa, halijaitwa.

Sasa, majina ndani ya mwili huo hutafutwa kwanza kwenye kitufe, kisha kwenye fomu iliyokibeba, kisha kwenye document (ukurasa wenyewe), na mwisho kabisa kwenye window (dirisha la kivinjari), ambako funksheni zetu hukaa. Njiani kuna document.clear, masalia ya zamani yasiyofanya kitu. Ndiyo iliyoitwa. Kama angeiita yake open, ingeitikia document.open, na ukurasa mzima ungefutika! Kwenye fomu ni hivyo hivyo: ukiwa na kisanduku chenye name="jumla", usitarajie jumla() iitike. Nilimwambia aiite futaFomu, ikafanya kazi papo hapo.

Ukihamishia msimbo kwenye skripti ya type="module", onclick haitaiona tena funksheni, kwa sababu majina ya moduli hayaingii kwenye window. Hapo tumia addEventListener, inayounganisha kitufe na funksheni ndani ya JavaScript yenyewe. Mimi huitumia karibu kila mahali, ingawa simkatazi mwanafunzi mpya onclick. Kuona kitufe na kazi yake mahali pamoja kunamsaidia.

Ninachokataza ni kupachika maneno ya watumiaji ndani ya mwito, kama onclick="salimu('...')". Neno kama ng'ombe linatosha kuuvunja, maana alama ya ' iliyomo hufunga maandishi kabla ya wakati. Kuandika &#39; badala ya alama hiyo hakusaidii, maana HTML huirudisha ilivyokuwa kabla JavaScript haijasoma, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kupenyeza msimbo wake hapo. Weka neno kwenye data-jina, ukiwa umebadilisha alama zake kwa taratibu za HTML, kisha lisome kwa this.dataset.jina.