Gari la Kusukumwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Zamu yangu ya kuandika tafakari niliijua tangu Jumapili iliyopita, na hadi jana usiku sikuwa na neno. Ukweli ni kwamba sikuwa naomba. Kiwandani wametupunguzia siku za kazi kutoka tano hadi tatu, hii ni wiki ya nne, na sikumwambia mtu. Hata mama watoto sikumwambia. Nilitoka nyumbani alfajiri siku zile zile tano, na mbili kati ya hizo nilishinda maktaba nikijaza fomu za kutafuta kazi. Jumapili mzee wa kanisa alipouliza nani ana hitaji la maombi, nilisimama nikasema kwetu tunamshukuru Mungu, wote salama. Mkaitikia amina.

Sasa niwaambie habari za majirani zangu. Ng'ambo ya barabara wanakaa mzee na mkewe, wastaafu wote wawili. Mzee aliendesha malori, mama alikuwa mpishi wa shule. Watoto wangu wanawaita Babu na Bibi, na wenyewe wameshazoea. Wana gari kubwa kama basi la mikoani, ndani mna kitanda, jiko, choo, na mapazia aliyoyashona Bibi kwa mkono wake. Humo ndimo wanamoishi karibu nusu ya mwaka, wakifuata mbio za magari kwenye viwanja vya udongo. Januari wako Tulsa, jimbo la Oklahoma hapa Marekani, kwenye mashindano ya Chili Bowl, ambako udongo huingizwa ndani ya jengo. Julai wako Ohio, uwanja wa Eldora. Agosti wanarudi huku kwetu Iowa, mjini Knoxville, kilomita kama 60 tu kutoka hapa Des Moines. Macho ya Babu usiku hayamsaidii tena, kwa hiyo dereva ni Bibi, naye Babu hukaa pembeni na ramani akimwambia pinda hapa, pinda pale.

Miaka mitatu nimewatazama wakifungasha, na moyoni nasema: hawa wana hela za kuchezea. Baba yangu alistaafu Morogoro, kiinua mgongo chake kikaishia kwenye matofali ya nyumba ambayo mpaka leo haina bati. Mjue basi nilikwenda na moyo wa namna gani, kwa sababu mwaka huu wajukuu wao hawakuweza kuja, na tiketi mbili za Jumamosi wakatupa sisi.

(Najua wapo watakaouliza mkristo alifuata nini kwenye uwanja wenye bia. Nilifuata chakula cha bure na mke wangu, ambaye hatujakaa pamoja jioni moja nzima tangu Pasaka.)

Knoxville ni mji mdogo, watu hawafiki 8,000, lakini Agosti yakifika mashindano yao makubwa, Knoxville Nationals, yaliyoanzishwa mwaka 1961, mashamba yote ya pembeni hujaa magari ya namna ile ya Babu na Bibi. Siku nne, usiku baada ya usiku. Wazee wamekaa chini ya maturubai, wanachoma nyama, wanaitana kwa majina. Babu alivua kofia, akashukuru kwa chakula kwa sentensi tatu, tukala. Nikakumbuka Zaburi ya 92, watazaa matunda hata wakati wa uzee. Hilo nitaliandikia siku nyingine, Mungu akipenda.

Lililonishika ni jambo dogo kabla ya mbio kuanza.

Magari yenyewe ya mbio huitwa sprinti. Ni madogo, yana bawa kubwa juu, na pamoja na dereva wake gari halifiki kilo 700. Injini yake ina nguvu za farasi karibu 900. Gari tunalopandia kanisani halina hata robo ya nguvu hizo. Basi nikategemea kusikia ngurumo. Badala yake nikaona pikapu zinakuja polepole, moja nyuma ya kila gari, bampa kwa bampa, zinayasukuma! Nikamgeukia Babu nikamuuliza, yote yameharibika?

Alicheka hadi machozi. Akanieleza kwamba magari haya hayana stata. Hayana klachi, hayana giaboksi. Vyote vimeondolewa ili gari liwe jepesi. Injini inaunganishwa moja kwa moja na magurudumu gari likiwa limezimwa, linasukumwa, dereva anatazama geji ya oili mpaka ipande, ndipo anaruhusu moto na mafuta, nalo linanguruma. Bila pikapu, farasi wote 900 wamelala. Steve Kinser ameshinda mashindano haya mara 12, hakuna aliyemfikia, na usiku wote huo 12 alisukumwa kama wengine. Tena dereva akizunguka katikati ya mbio akazimika, haachwi. Mbio zinasimamishwa, pikapu inamfuata alipo, inamsukuma mpaka anawaka. Anarudi mkiani mwa foleni, lakini anarudi.

Sisi tuliokulia kwenye daladala tunajua kusukuma gari. Abiria wanashuka, konda anapiga kelele, wapita njia wanacheka. Gari la kusukumwa ni gari bovu, na mwenye gari la kusukumwa ni mtu aliyeishiwa. Nadhani aibu ile tulisafiri nayo kwenye begi, tukatua nayo uwanja wa ndege, na tumeiingiza kanisani.

Wapendwa, niruhusuni niseme kwa ukali kidogo, na ukali wenyewe uanze na mimi. Sisi watu wa ughaibuni tumekuwa waongo wa ibada. Mtu amekatiwa umeme, anasema Mungu ni mwema. Ndoa inaungua, anapandisha pambio. Dada amekaa miezi miwili bila kazi, na sadaka ya shukrani anatoa kwa pesa ya kukopa ili asionekane. Halafu tunasoma Mhubiri sura ya 4, "ole wake aliye peke yake aangukapo," tunatikisa vichwa kana kwamba wanasemwa watu wengine. Ndugu yangu, nani atakuinua na hujamwambia mtu kwamba umeanguka? Musa alikuwa na fimbo iliyopasua bahari, na bado kule kilimani mikono ilimlemea, Haruni na Huri wakaitegemeza huku na huku mpaka jua likachwa. Hakuwaambia shukeni, watu wataona.

Na yupo atakayenijibu kwa Wagalatia 6, mstari wa tano, kwamba kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Ni kweli. Lakini mstari wa pili unasema mchukuliane mizigo. Furushi ni lako, liweke kichwani utembee. Mzigo unaokuvunja mgongo huo si wako peke yako, na ukiuficha unamnyima mwenzako kazi aliyopewa na Kristo. Babu aliniambia alijitolea kwenye pikapu zile miaka mingi, Jumamosi baada ya Jumamosi. "Sijawahi kushinda mbio hata moja," akasema, "ila hakuna aliyeshinda bila mimi." Bibi akamwambia aache majivuno ale.

Tulirudi usiku, udongo kwenye nywele, udongo kwenye meno. Njiani nikamwambia mama watoto habari za kiwandani. Alinyamaza mpaka tukapita taa mbili. Kisha akasema alijua tangu wiki ya kwanza, aliona karatasi ya mshahara. "Nilikuwa nasubiri uniambie wewe." Wiki nne mwanamke yule alinifungia chakula cha mchana asubuhi ambazo alijua siendi kazini. Nilisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta, sikuweza kuona barabara.

Kwa hiyo Alhamisi maombi ni nyumbani kwetu, saa moja jioni. Kwenye kodi ya nyumba ya mwezi huu tumepungukiwa dola 410. Natafuta kazi ya siku mbili au tatu kwa wiki, hata ya usiku, na leseni ya forklifti ninayo. Mzee wa kanisa, nakuomba radhi kwa amina ile ya Jumapili. Wenye mchango msipitishe kwa mama watoto kwa siri, nileteeni mimi. Chai itakuwepo, na Bibi ameahidi kuleta keki.