Kucha Iliyogeuka Nyeupe

Jumamosi ya Agosti 2014, kwenye onyesho dogo la farasi katikati ya Tennessee, foleni ya ukaguzi ilikwenda polepole kuliko foleni ya chai. Nilikuwa saisi wa farasi jike mweusi wa miaka saba, aina ya Tennessee Walking, mwenye viatu vya kawaida, si vile vya kupandishwa kwa tabaka za soli. Tulisimama karibu nusu saa, inzi wakimla miguu na kipaza sauti kikipiga kelele juu ya vichwa vyetu.

Ukaguzi wenyewe una sababu. Wako wanaowapaka farasi mafuta ya haradali, dizeli au mafuta ya taa juu ya kwato za mbele, wakafunga nailoni, kisha wakavisha minyororo inayogonga papo hapo penye kidonda. Farasi hunyanyua miguu juu kwa maumivu, na jukwaa hupiga makofi. Sheria ya kulinda farasi ya 1970 inapiga marufuku ushenzi huo. Sijawahi kuwa na ugomvi nayo.

Wiki ile mvua ilinyesha siku tatu. Uwanja wa malisho ukawa tope, na jike akapata magamba nyuma ya miguu yote miwili ya mbele, kwenye kile kibonde kilicho juu ya visigino. Tulimwosha kwa sabuni ya dawa na kumkausha kwa taulo kila jioni, kwa maana ukiacha unyevu magamba hurudi. Kufikia Jumamosi yalikuwa yameisha. Ngozi ilibaki nene kidogo, ila nene sawasawa kote. Kanuni inaruhusu unene wa aina hiyo upande wa nyuma, mradi pawe pakavu, pasiwe na uvimbe wala nyama mbichi. Upande wa mbele ndio usioruhusiwa alama za namna hiyo kwenye miguu yote miwili.

Mkaguzi wa kwanza alikuwa wa chama cha wafugaji, mwenye kibali cha kukagua. Alinitaka nimtembeze jike na kumgeuza kwenye koni, kisha nishike hatamu inchi 18 kutoka kwenye lijamu. Umbali huo una maana: ukiibana hatamu karibu na mdomo, farasi hushughulika na mdomo na mguu hausemi ukweli. Akainua mguu wa kushoto, akabonyeza kibonde kwa tumbo la kidole gumba, akaenda pembeni, kisha akaunyoosha mguu mbele na kupapasa hadi ukingo wa kwato. Kucha yake ya gumba iligeuka nyeupe nusu kwa nguvu ya kubonyeza. Jike alitikisa masikio tu. Mguu wa kulia vivyo hivyo. Tukapita, chini ya dakika 2.

Hatujafika langoni, daktari wa mifugo wa serikali akatuita. Ana haki ya kurudia. Yeye hakuunyoosha mguu. Alibonyeza kibonde ukiwa umekunjwa, na mguu ukikunjwa ngozi yoyote hujikusanya mikunjo, hata ya mtoto wa farasi. Akasema ameona mikunjo, kana kwamba ngozi haikuwa nene sawasawa. Kucha yake ilikuwa nyeupe yote mpaka kwenye nyama. Akarudi mahali pale pale mara tatu. Ya tatu jike akavuta mguu. Kulia pia akavuta. Miguu yote miwili ikionyesha maumivu, sheria inamhesabu farasi kuwa ameumizwa. Tukatolewa.

Kilichonikera ni dume aliyehasiwa aliyekuwa mbele yetu. Alibonyezwa akiwa amesimama kama nguzo, macho yamekodoka, hapepesi. Akapita. Sisemi alikuwa na neno. Lakini wapo wanaofanyia farasi ukaguzi wa uongo nyumbani, akitikisika anapigwa, mpaka ajifunze kutulia mguu ukiwaka moto. Wengine hupaka dawa ya ganzi. Kidole gumba peke yake hakiwezi kutofautisha farasi asiyeumwa na farasi aliyefundishwa kunyamaza, na hakuna mizani ya kupima kidole kimebonyeza kwa nguvu kiasi gani.

Mkufunzi wetu aliomba mguu unyooshwe mbele ya wakaguzi wote wawili. Akajibiwa kwamba uamuzi umeshaandikwa. Fomu ilikuwa na nafasi ya kutia alama panapouma. Haikuwa na nafasi ya kuandika mguu ulishikwaje. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 2021, jopo la wanasayansi la Marekani lilipendekeza ukaguzi wote uachiwe madaktari wa mifugo. Sawa, ila aliyetutoa sisi alikuwa daktari.

Kwenye gari la kubebea farasi tuliwasha taa, nikaunyoosha mguu wa kushoto juu ya goti langu. Ngozi ikalala kama kanga iliyopigwa pasi. Nikafuta kibonde kwa taulo jeupe. Likatoka kavu, na vumbi kidogo tu la uwanjani. Mkufunzi akapiga picha nne, ratiba ya onyesho ikiwa pembeni ili tarehe ionekane, kisha akaniambia niunyooshe na wa kulia.