Kuwaachia mzunguko mmoja

Katika briji, dakika ninayoipenda ni ile ambayo hakuna anayecheza. Mpinzani wa kushoto ameshatoa karata yake ya kwanza, mwenzangu amelaza zake 13 mezani, wazi, na kuanzia hapo mikono yote miwili naiongoza mimi. Jumapili hii, hapa Nguba, Bukavu, nilinyamaza mpaka Yaya, mwenzangu, akachoka. "Cheza basi, umeme utakatika!"

Tulikuwa tumeahidi kushinda mizunguko tisa kati ya 13, bila turufu; kila mzunguko, kila mkono hutoa karata moja. Ya uhakika nilikuwa nayo minne, yote mkononi mwangu: asi na mfalme wa shupaza, asi wa kopa, asi wa pao. Mitano iliyobaki ilibidi itoke kwenye uru. Mezani kulikuwa na asi, mfalme, 8, 7, 6 na 5. Mimi nilishika 4, 3 na 2. Nje ya uru, karata za mezani hazikuwa na hata moja ya kushinda mzunguko na kunifikisha kule.

Mkono unawasha kupiga asi, kisha mfalme. Uru nne za wapinzani zikigawanyika mbili kwa mbili, unazoa mizunguko sita, raha tupu. Mgawanyo huo hutokea mara 40 hivi kwa 100. Tatu kwa moja hutokea mara 50 hivi, na hapo mzunguko wa tatu ni wao, huku uru tatu za mezani, nzuri kabisa, zimekwama: huna tena njia ya kuzifikia. Unaishia na mizunguko sita badala ya tisa.

Kwa hiyo nilichukua shupaza yao ya kwanza, kisha nikacheza uru ndogo kutoka pande zote mbili. Wachukue. Asi na mfalme waliobaki wanasafisha njia, iwe mbili kwa mbili au tatu kwa moja: mara 90 kwa 100.

Zilikuwa mbili kwa mbili! Yaya alicheka mpaka akashika meza. Tukaandika 400, na zile 30 za mzunguko wa ziada zikapotea.

Harold Vanderbilt, aliyepanga hesabu za mchezo huu mwaka 1925 akiwa safarini melini, aliamua kwamba ni mizunguko uliyoahidi tu inayokupeleka kwenye ushindi mkubwa. Mingine ni bakshishi. Kweli, kwenye mashindano ya jozi, ambako meza nyingine zinacheza karata zilezile, bakshishi hiyo inaweza kukupandisha juu ya wenzako, na hesabu zikikaribiana hata mimi ningeifukuza. Lakini 90 kwa 40 hazikaribiani.

Yaya hakubali. Anasema karata zilikuwa mbili kwa mbili, basi. Namwambia mimi sikuziona, naye anajibu kwamba ndiyo maana ananidai pointi 30. Ameziandika kweli, nyuma ya daftari la alama, na jina langu juu yake.