Dakika kumi za shangazi pale Mwaloni

Shangazi yangu anauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, tangu niko shule ya msingi, na hela haimpigi chenga. Kwa hiyo siku noti zilipomponyoka zikamwagika kwenye turubai, nilicheka. Akaziokota kwa mkono wa kushoto, akaanza upya: "Kumi, ishirini, debe, ishirini..." Nikadhani ananitania. Mdomo upande wa kulia ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Ilidumu dakika kumi hivi. Mama mmoja akasema ni jua. Mwingine akasema upepo mbaya huo, atafutiwe mtaalamu. Mimi nikamnunulia soda baridi. Alipopata kauli yake akatukemea kwa kumzingira wakati wateja wanangoja, tukacheka, biashara ikaendelea.

Soda ile inaniuma mpaka leo. Baadaye daktari alinieleza kuwa mtu akiwa katika hali ile kumeza kwenyewe si kwa kuaminika, kinywaji kinaweza kuingia njia ya hewa. Lakini tulikosea zaidi kudhani kwamba kwa vile imepita, basi haikuwa kitu. Kumbe ubongo ulikosa damu kwa muda, mshipa ukaziba kisha ukaachia wenyewe. Kiharusi kamili kikifuata, mara nyingi hakichelewi, na siku mbili za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Chake kilikuja siku ya pili.

Binamu yangu alimkuta sakafuni asubuhi. Akamsalimu, "Mwangaluka," akajibiwa kitu ambacho si Kisukuma wala Kiswahili. Jirani akaja mbio na aspirini, eti inalainisha damu. Bahati nzuri hakuimeza. Kuna kiharusi cha mshipa kuziba na kuna cha mshipa kupasuka, na kwa macho huwezi kuvitofautisha mpaka mgonjwa apigwe siti skani, yaani picha ya ndani ya kichwa. Kama ni damu inavuja, aspirini inaongeza balaa.

Hospitali, nesi hakuuliza tulimkuta saa ngapi. Aliuliza, "Mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi?" Tukatazamana. Alilala saa 3 usiku. Tulifika saa 2 asubuhi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Piga hesabu mwenyewe.

Vidonge vya presha alikuwa navyo, vimejaa kwenye kopo. Alivimeza siku kichwa kikimgonga tu.

Siku hizi nikiona mtu amebadilika ghafla, namwambia acheke, anyanyue mikono yote miwili, aseme sentensi nzima. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukishuka, au maneno yakiburuzika, naangalia saa huku natafuta usafiri. Ni hivyo hivyo kwa jicho kuingia giza ghafla au kichwa kupasuka kuliko siku zote.

Shangazi amerudi Mwaloni. Anakaa kitini, anahesabu kwa kushoto, polepole. Wiki iliyopita mchuuzi mmoja akasimulia kwamba asubuhi mkono wake ulikufa ganzi akaangusha ndoo, ila sasa uko sawa. Shangazi akamshika shati.

"Hos... pitali."

"Mama, mbona imeshapita?"

"Ndiyo," akasema, akatafuta neno kwa muda mrefu. "Hiyo hiyo."

Nikamwitia bajaji.