Mradi wa tanuru, wiki ya tano: jiwe jekundu na jiwe jeusi

Kabla ya kuendelea na tanuru lenyewe, la kutoa chuma kwenye mawe, nilitaka kujua mawe yangu yana tabia gani. Ninayo ya aina mbili, yote chuma kilichoshikana na oksijeni: mekundu ya hematiti, na meusi ya magnetiti yanayonasa sumaku hata kabla ya kuona moto.

Jaribio ni la kimaskini. Chungu chenye kifuniko, vumbi la mkaa ndani, udongo wa kuziba ukingoni, kisha saa tatu jikoni kwa blowa, mbali na nyumba. Kazi inafanywa na ile hewa ya mkaa inayoua watu waliolala na jiko chumbani. Ina uchu wa oksijeni, na humo chunguni inalinyang'anya jiwe.

Mara ya kwanza niliharibu kwa haraka zangu. Nilifungua chungu kingali chekundu, chuma kikaungua upya palepale. Siku hizi nakiacha kilale hadi asubuhi.

Jumamosi mambo yakanyooka. Gramu 300 za mawe mekundu, yaliyopondwa kama punje za mahindi, zilitoka 221. Hematiti safi ikipokonywa oksijeni yote hupoteza asilimia 30, kwa hiyo 26 kwa mawe yenye mchanga si haba. Nikapitisha tupa, yakang'aa. Moja niliacha na ukubwa wa yai; nilipolipasua lilikuwa na matabaka kama kitunguu: ganda la kijivu, mkanda mweusi, kiini bado chekundu. Hematiti huwa magnetiti kwanza, kisha vustiti yenye oksijeni pungufu zaidi, ndipo chuma, tena kuanzia nje kwenda ndani. Nimeliweka dirishani, kila mgeni analishika.

Meusi yalinigomea: 300 zikabaki 281. Yameshikana mno, hewa haina pa kupenya. Basi nikayachoma kwanza juu ya makaa, wazi, mpaka yakapiga wekundu. Mizani ikasoma 306. Nikadhani imekufa, kumbe mawe yamekula oksijeni na kugeuka hematiti, ambayo ikirudishwa kwenye mkaa huvimba na kupata nyufa ndogondogo. Awamu ya pili zikatoka 252.

Chunguni mchanga unabaki ndani ya chuma. Kuutoa kunataka joto la nyuzi 1,200 hivi, mavi ya chuma, yaani huo mchanga na takataka zake, yayeyuke yatiririke. Wafipa wa kusini-magharibi mwa Tanzania walimaliza kazi hiyo kwa tanuru mbili: malungu marefu kumzidi mtu, yasiyo na mivukuto, kisha kintengwe kidogo cha kusafishia.

Langu limefika kiunoni. Litaanza na mawe mekundu, nikishaziba ufa wa upana wa kidole uliotokea upande wa jua.