Kazi ya Sato

Jumapili, usiku

Nguo zimeingia kwenye mashine mara ya pili na bado zinanuka moshi. Sato, mbwa wetu, amejilaza sebuleni palepale alipoangukia tulipofungua mlango, hata bakuli la maji hajaligusa. Mimi niliyepaswa kulala mapema, kesho kazini, ndiyo kwanza nafungua kompyuta.

Hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, joto la Julai si la kuchezea. Mchana lami inaunguza nyayo za mbwa, kwa hiyo tunamtembeza alfajiri au jua likishazama, na saa zote za katikati yeye ni kuhema tu, ulimi nje, maana hana jasho la kumpoza mwili mzima kama sisi. Jimbo hili lina maziwa zaidi ya 10,000, na mtu angedhani suala la mbwa kuoga limekwisha hapo. Lakini joto likizidi, baadhi ya maziwa hayo huota ukoga wa kijani wenye sumu, na mbwa akiyanywa maji yake anaweza kufa siku hiyohiyo. Ndiyo maana tunapakia hema na kuendesha zaidi ya saa tatu kuelekea kaskazini. Ukianza kuteremka kilima cha mji wa Duluth, fungua dirisha: hewa ya Ziwa Superior inaingia garini na joto lote uliloondoka nalo linabaki nyuma yako. Sato anaijua ile hewa. Anaamka, anatoa pua nje, masikio yanapeperuka mpaka tunaimaliza Duluth na kushika barabara namba 61.

Tulipiga kambi Split Rock, hifadhi ya jimbo iliyo kando ya ziwa hilo. Sehemu yake ya zamani gari halifiki kwenye hema, unaliacha juu kisha unapewa mkokoteni usukume mwenyewe vigingi, mito, jiko la gesi, deli la barafu na mfuko wa chakula cha mbwa. Binti yangu alikuwa mbele na Sato, mama yake nyuma akihakikisha hakuna kinachodondoka, na mimi katikati kwenye mpini nikikumbuka wale vijana wa mikokoteni pale stendi ya Musoma ambao sikuwahi kuwapa pole hata siku moja.

Masharti ya mbwa kwenye hifadhi za jimbo hayana mjadala. Kamba isizidi futi 6, asiachwe peke yake, asiingie kwenye majengo, asipige kelele za kusumbua majirani usiku. Na kuni haziji na wewe kutoka mjini, zinanunuliwa kwa wauzaji walioidhinishwa, kwa sababu kuna mdudu anayekula miti ya jamii fulani na anasafiri ndani ya magogo. Hilo la kuni nalipenda. Mtu aliyefikiria kumzuia mdudu asipande gari ni mtu aliyewahi kufikiri.

Mimi ni wa Musoma, nimekua nikiambiwa kwamba ziwa letu, Victoria, ni la pili duniani kwa eneo kati ya maziwa yasiyo ya chumvi. Darasani tulikariri, la kwanza ni Superior, tukapata vema tukaendelea. Sasa nimesimama kwenye kokoto za huyo wa kwanza. Kwa eneo halijatuacha mbali sana, sisi ni kama kilomita za mraba 68,800 na wao ni 82,000 na kidogo. Kwenye kina ndiko wametuacha kabisa, sisi hatufiki hata mita 100 na hili lina mahali panapofika mita 406. Na baridi yake haina mwezi. Sato alijitosa mpaka kifuani, akatoka mbio, akajikung'uta, akasimama anayakodolea macho maji. Akarudi. Akatoka tena. Mwishowe akaamua kuyanywa tu, akiwa amekanyaga nchi kavu kwa miguu yote minne. Kwetu mtoto anakatazwa kuingia ziwani kwa sababu ya kichocho na mamba. Hapa unamkataza kwa sababu ya ubaridi wenyewe.

Chakula cha jioni kilikuwa ugali na samaki wa moshi tuliyemnunua njiani, maana barabara ile ina maduka yanayomkausha vizuri. Hakuwa sangara, lakini tulimla. Sato alipewa kipande kisicho na mwiba, bila kachumbari, kwa kuwa vitunguu ni sumu kwake.

Kabla ya kulala kuna zoezi la kupe, na hili sikabidhi mtu. Babu yangu alikuwa na ng'ombe, akiwapeleka joshoni kwa ratiba asiyoivunja hata akiwa mgonjwa, kwa kuogopa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Kupe kwangu alikuwa ni mambo ya ng'ombe. Huku kuna kupe wa kulungu, mdogo kama mbegu ya ufuta, anayeeneza ugonjwa wa Lyme kwa mbwa na kwa watu. Habari njema ni kwamba kwa kawaida ni lazima ang'ang'anie zaidi ya siku nzima ndipo aambukize, kwa hiyo ukikagua kila jioni umemuwahi. Basi Sato analala chali kwenye mkeka, binti yangu anashika tochi, mimi napitisha vidole polepole kinyume cha manyoya: nyuma ya masikio, chini ya mkanda wa shingoni, kwapani, katikati ya vidole vya miguu. Kidole kinahisi kabla jicho halijaona. Nilimkuta mmoja kwenye mkunjo wa sikio la kushoto, kichwa kimeshazama. Unamshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja, bila kupinda wala kuharakisha, mpaka ngozi inainuka kidogo na kuachia. Sato alifumba macho tu. Binti yangu ndiye aliyesema "aii."

Mbu nao ni habari nyingine. Nimekulia mahali ambapo mbu alikuwa ananitafuta mimi, na malaria nimeugua nikaizoea. Huku ananikera tu, ila kwa mbwa analeta minyoo inayokaa kwenye moyo, na Sato anameza kidonge kila mwezi kwa ajili hiyo. Dawa tunayojipaka sisi yeye hapakwi, itamdhuru akiilamba.

Mwezi huu saa 3 usiku bado kuna mwanga. Hema likishatulia ndipo ninapomwona Sato ambaye nyumbani simwoni.

Mbwa wa nyumbani kwetu Musoma alikuwa anafungwa mchana na kufunguliwa usiku. Sisi tulikuwa ndani, yeye nje, na kazi yake niliijua kwa kelele tu: akibweka, Baba anaamka na panga. Sikuwahi kufikiri alikuwa anafanya nini zile saa zote ambazo habweki. Sasa nimelala, mgongo wa mbwa uko usawa wa mbavu zangu, na nimeanza kuelewa kwamba kubweka ni sehemu ndogo sana ya kazi ile. Jirani akipita na tochi kwenda chooni, sikio moja linainuka na kushuka. Tawi likidondoka, yote mawili, kisha pumzi inasimama, kisha inaendelea. Anapanga sauti kwa uzito wake, na nyingi anazitupa bila hata kufungua macho.

Kama saa 8 hivi hakuzitupa. Alisimama, kichwa kikagusa paa la hema, na kifuani mwake kukaanza ngurumo isiyofika mdomoni. Nilikuwa nimemwekea mkono, naihisi kwenye kiganja kuliko ninavyoisikia. Mimi sikusikia chochote isipokuwa ziwa.

"Baba, Sato anasikia nini?"

"Lala mwanangu."

"Wewe unasikia?"

"Hapana."

Akanyoosha mkono gizani, akauweka juu ya wangu, mgongoni kwa mbwa. Tukakaa hivyo. Sijui ni muda gani, ngurumo ikapungua, Sato akajizungusha, akajibwaga kwenye miguu ya mke wangu ambaye hakuamka kabisa. Asubuhi kulikuwa na alama za kwato kwenye udongo laini karibu na meza, ndogo, zenye ncha. Kulungu. Alikuwa amepita hatua chache kutoka vichwani mwetu.

Leo mchana wenzangu waliingia kwenye mnara wa taa, mimi nikabaki nje na Sato kivulini. Mnara ule uliwashwa 1910, baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuzivunja meli nyingi katika ziwa hili. Ulizimwa 1969, lakini kila Novemba 10 wanauwasha tena kwa ajili ya meli ya Edmund Fitzgerald, iliyozama 1975 na watu wake wote 29. Mtu wa kanda ya ziwa hawezi kusoma hayo bila kuikumbuka MV Bukoba. Ilizama Mei 1996, karibu kabisa na Mwanza, na mamia ya watu. Mtaani kwetu matanga yalikuwa nyumba kwa nyumba.

Tulipofika nyumbani nikampigia Mama.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba. Mmerudi huko porini?"

"Tumerudi salama."

"Na yule mbwa wenu, ni mkali?"

"Hapana Mama, hata habweki."

"Sasa anafanya kazi gani?"

Nikamsimulia ya usiku, ya kwato, na jinsi mjukuu wake alivyolala akiwa ameshika manyoya ya Sato. Akasikiliza mpaka mwisho, akaguna.

"Basi mpeni mfupa."

Nikamwambia daktari wa mifugo ametukataza mifupa iliyopikwa, inapasuka na kumchoma tumboni. Akacheka huyo, akasema nimsalimie mke wangu, kisha akaanza habari za mahindi.